Boksi la kuonea mpira kwa intaneti: usimuuzie mteja kabla hujamuuliza haya

Leo sileti mbinu ya kupata wateja wapya. Naleta ya kutowapoteza wale ulionao, na hii nimeilipia kwa hela yangu mwenyewe.

Mi nina duka dogo la vifaa vya simu hapa Bulongwa, Makete. Kava, chaja, waya, spika, na vifaa vidogo vidogo vya TV. Dukani wanaingia watu wachache, mauzo mengi nafanya kwa stetasi ya WhatsApp na ukurasa wangu wa Facebook, mzigo napakia kwenye basi, unakwenda Iwawa, Njombe, hadi Makambako. Ufundi sijasomea. Nilimaliza fomu foo nikaanza kuharibu na kutengeneza mpaka nikaelewa.

Mwezi Mei 2025 Simba iko fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Nadhani mnakumbuka hali ilivyokuwa, hata kina mama wanaouza viazi barabarani walikuwa wanajua jina la Berkane. Nikaona hapa kuna hela. Nikakopa kwenye kikoba chetu sh 900,000, nikaagiza maboksi 12 ya Android kwa muuzaji wa jumla Dar, kila moja sh 75,000. Boksi lenyewe si unalijua, kadogo kama sabuni ya mche iliyokatwa, unachomeka HDMI kwenye TV, linaunganishwa na intaneti, TV ya kawaida inakuwa kama smati TV. Nikaweka tangazo: "Angalia mpira laivu kwenye TV yako, bila dishi, bila king'amuzi. Sh 110,000 tu."

Hakuna neno la uongo kwenye lile tangazo. Bila dishi ni kweli, bila king'amuzi ni kweli. Shida ni yale ambayo sikuyaandika.

Mechi ya kwanza kule Morocco tarehe 17 Simba ikafungwa 2-0. Watu hawakukata tamaa, marudiano ni Zanzibar, uwanja wa Amaan, Jumapili tarehe 25. Kufikia Jumamosi jioni nilikuwa nimeuza maboksi matano. Kufikia Jumapili saa moja usiku watatu walikuwa wameshanipigia, na hakuna aliyepiga kunishukuru.

Wawili kati yao kesi yao ilikuwa moja, nitaieleza baadaye. Wa tatu ni mzee mmoja wa mbao, mtu anayeheshimika hapa kwetu, akinunua kitu kwako na wengine wananunua. Alikuwa amejaza majirani sebuleni. Yeye alikuwa amelipia programu halali kabisa, bando kanunua kubwa, hotspoti amewasha kwenye simu yake. Mechi imeanza vizuri, picha safi. Dakika ya 17 Mutale anaifungia Simba, pale pale picha ya mzee ikaganda. Kiduara kinazunguka. Iliporudi, wachezaji wameshamaliza kushangilia. Kipindi cha pili mpira ukaingia tena wavuni, picha ikaganda, iliporudi anakuta refa ameshalikataa goli kwa VAR. Berkane wanasawazisha dakika za nyongeza, kombe linaondoka, picha imeganda.

Kesho yake alikuja dukani na boksi ndani ya mfuko wa rambo. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akaweka mzigo juu ya meza. "Mwanangu, hili boksi lako linaona aibu. Kila goli likitaka kuingia, linafumba macho."

Majirani waliokuwa dukani walicheka. Mi sikucheka. Nikamrudishia sh 110,000 yake yote na nauli ya boda.

Lakini lile neno likanikaa kichwani. Mtandao ukiwa dhaifu unakwama ovyo, wakati wa kona, wakati wa kurusha, wakati hakuna kitu. Kwa nini huu ukwame kwenye magoli tu? Siku tatu baadaye nikaomba ruhusa niende nyumbani kwake na boksi lile lile. Nikafunga, nikaweka mechi ya marudio, inacheza safi. Nikatoka nje kuangalia upande mnara ulipo, nikataka kumuuliza kitu yule mzee aliyebaki ndani, nikampigia simu. Mjukuu wake akapiga kelele, "Imeganda tena!"

Basi, jibu likawa hilo. Simu yake ndiyo iliyokuwa inatoa hotspoti. Simu nyingi na laini nyingi huku kwetu haziwezi kubeba maongezi juu ya 4G, kwa hiyo ikiingia simu ya kupigwa, kifaa kinashuka kwenda 3G au 2G ili upokee. Ikishuka 3G intaneti inakuwa nzito, ikishuka 2G inasimama kabisa mpaka ukate. Hata isipopokelewa, ile tu kuita inatosha kuvuruga. Na ukiwa na laini mbili kwenye simu moja usijidanganye kwamba bando liko laini nyingine, kwenye simu nyingi maongezi ya laini hii yanasimamisha intaneti ya laini ile.

Sasa nani alikuwa anampigia mzee wakati wa goli? Rafiki zake wenye dishi! Hapa kuna jambo la pili ambalo muuzaji lazima ulijue. Mpira wa kwenye intaneti unachelewa. Picha ikitoka uwanjani inakatwa vipande vidogo vidogo vya sekunde chache kila kimoja, kila kipande kinapakiwa kivyake, na kifaa chako kinasubiri kiwe na vipande kadhaa mkononi ndipo kianze kuonyesha, ili mtandao ukitetereka kidogo usione. Ukijumlisha hayo yote unajikuta nyuma ya mwenye dishi kwa nusu dakika hivi, saa nyingine zaidi. Kwa hiyo wenye dishi wameshaona goli, wanapiga "Mzee, umeona?", na ile simu yao ya shangwe ndiyo inamkatia mzee picha kabla goli halijamfikia. Magoli yote yakamponyoka hivyo hivyo.

Dawa yake haikufika hata sh 10,000. Mzee alikuwa na simu ya zamani ya 4G kabatini, kioo kimepasuka. Tukaiwekea laini mpya, kaisajili mwenyewe kwa kitambulisho chake, namba hajampa mtu. Ile ndiyo ya hotspoti. Inakaa dirishani kwenye chaja, maana hotspoti inakula betri na inachemsha simu. Sebuleni ukutani kuna bati na matofali mazito kwa ajili ya baridi letu hili, mtandao unapungua sana ukiingia ndani, dirishani unapanda.

Nimeeleza hii kwa urefu kwa sababu, kama ningebaki kusema "mtandao wa Bulongwa mbovu" au "maboksi ya Kichina mabovu", nisingejua mpaka leo. Na ningeendelea kurudisha hela.

Turudi kwenye tangazo langu. La kwanza ambalo sikuandika ni bando. Wateja wengi wanaamini wakishanunua boksi wamemaliza. Jifunze hesabu hii uwe unaifanya mbele ya mteja. Spidi ya intaneti inapimwa kwa megabiti, bando linauzwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Picha ya wastani ya mpira kwenye TV, ambayo unaona namba za jezi vizuri, inahitaji kama megabiti 3 kwa sekunde. Gawa kwa nane, unapata 0.375 MB kila sekunde. Kwa dakika ni MB 22 na nusu. Mechi ni dakika 90, mapumziko 15, na dakika za nyongeza, weka 110. Unapata kama GB 2.5 kwa mechi moja. Mteja akitaka picha kali zaidi, megabiti 5, inazidi kidogo GB 4. Akishusha iwe megabiti 1.5 inakuwa GB 1.2 hivi, ila kwenye TV ya inchi 43 mpira unaonekana kama umefunikwa na ukungu wa Kitulo.

Sasa tuseme GB moja inamtoka sh 2,000. Mechi moja ni sh 5,000. Ligi Kuu yetu ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Shabiki anayefuatilia timu yake tu, bila kuangalia ya jirani, anahitaji GB 75, yaani sh 150,000 kwa msimu. Na hapo bado hajalipia programu yenyewe. Weka hiyo pembeni na dishi na kifurushi cha king'amuzi cha mwezi, mwambie mteja achague mwenyewe. Kwa mtu mwenye nyumba yake, familia kubwa, anayeangalia mpira na tamthilia kila siku, mara nyingi dishi linashinda, na mi siku hizi namwambia hivyo hivyo hata kama siuzi madishi.

Aisee, kumwambia mteja mwenye hela mkononi "usinunue kwangu" kunauma. Mwezi ule nina deni la kikoba, nilimwambia mama mmoja wa Tandala hivyo, akaenda kununua dishi kwa mtu mwingine. Sh 35,000 ya faida ikaondoka naiona.

Boksi linamfaa nani basi? Anayepanga chumba na mwenye nyumba hataki dishi ukutani. Anayehamahama, watu wa mbao wanaokaa kambini mwezi wanarudi. Na zaidi ya wote, mtu wa mjini mwenye faiba au bando lisilo na ukomo, huyo GB 2.5 hazimuumi. Ndiyo maana mzigo wangu uliobaki niliuhamishia stetasi za wateja wa Makambako na Njombe mjini badala ya kuung'ang'aniza hapa kijijini.

Kuhusu kupima mtandao, usipime saa nne asubuhi. Nyumbani kwa mzee asubuhi nilipata megabiti 14, nikasema kumbe uko poa. Jumapili saa kumi jioni, chumba kile kile, nikapata 2 na kitu. Mnara ni mmoja, asubuhi watu wako shambani, jioni wote wako kwenye simu. Mwambie mteja apime saa ya mechi, mahali simu ya hotspoti itakapokaa, apime mara tatu. Akipata zaidi ya 5 mara zote tatu, muuzie. Akipata 3 mara moja na 1 mara mbili, boksi lako hata likiwa la dhahabu atakurudishia.

Kuna wizi mwingine wa bando ambao hauna mwizi. Boksi likiunganishwa na hotspoti linadhani limepata Wi-Fi ya bure. Linaanza kujisasisha. Simu ya mtoto nayo ikijiunga inaanza kupandisha picha zote za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mara ya kwanza najaribu dukani niliweka GB 5, zikaisha kabla ya mapumziko nikadhani nimeibiwa. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya boksi, uitie alama kwamba huo ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, zima kujisasisha kwenyewe, badilisha nywila ya hotspoti. Ukimfanyia mteja hivyo kabla ya kupakia mzigo, atakukumbuka.

Sasa wale wateja wawili wengine. Maboksi yangu yalikuja na programu moja tayari ndani, muuzaji wa jumla aliisifia sana, "chaneli zote bure, za ndani na za Ulaya." Na mimi nikaisifia hivyo hivyo. Jumapili ile, mmoja wa Iwawa na mwingine wa Makambako waliifungua saa tisa na nusu, inafanya kazi. Saa kumi mechi inaanza, skrini nyeusi. Chaneli imekufa. Nilimpigia muuzaji wa jumla, hapokei mpaka leo.

Haikufa kwa bahati mbaya. Haki za kuonyesha mpira zinanunuliwa. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu, shilingi bilioni 225.6. Ligi Kuu ya England kwa nchi zetu ilinunuliwa na SuperSport, ndiyo maana iko DStv. Mtu aliyetoa hela za namna hiyo hawezi kukaa kimya huku mwingine anaigawa bure, anatafuta hizo chaneli na kuzikatisha, na anazitafuta hasa siku ya mechi kubwa. Maana yake chaneli ya wizi inakuwa nzima Jumanne usiku wakati hakuna kitu, inakufa Jumapili mteja wako akiwa amealika shemeji zake.

Na kisheria wewe muuzaji uko pabaya. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA wapo kwa kazi hiyo. Tangazo lako la "chaneli zote bure" liko wazi Facebook na namba yako ya simu chini yake. Mi nililifuta usiku ule ule.

Lipo na la usalama, ambalo nilikuja kulisoma baadaye nikashtuka. Mwezi Juni 2025, wiki chache tu baada ya ile fainali, FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kitu kinaitwa BADBOX 2.0. Vifaa vya bei rahisi vinavyotumia Android, yakiwemo maboksi ya TV, vinakuja na programu mbaya ndani tokea kiwandani, au vinaipakua wakati unavifungua mara ya kwanza. Mteja anaona mpira, kumbe mtandao wake wa nyumbani unatumiwa na wahalifu bila yeye kujua. Dalili walizotaja ni zile zile tunazoziandika kwenye matangazo kama sifa: boksi "limefunguliwa", linatoa vitu vya kulipia bure, linapakua programu kutoka duka la programu usilolijua, linakutaka uzime ulinzi wa Play Protect. Hebu angalia mzigo ulio nao kabatini. Mi yangu niliyafungua moja moja, nikarudisha mipangilio ya kiwandani, nikatoa ile programu. Mawili yaliendelea kuirudisha yenyewe kila yakiwashwa. Hayo sikuyauza.

Wengine mtasema mi siuzi maboksi, nauza waya tu. Haya, waya nao una kesi zake. Ile adapta ya kutoa picha kwenye tundu la chaji la C kwenda HDMI ndiyo inayorudishwa kuliko kitu chochote dukani kwangu. Tundu la C kuwepo haina maana simu inatoa picha. Inategemea simu imetengenezwa na uwezo unaoitwa DisplayPort. Galaxy nyingi za familia ya S kuanzia S8 zinao, iPhone za tundu la C kuanzia 15 zinao, lakini simu nyingi za bei ya chini na ya kati, ambazo ndizo wateja wetu wanazo, hazina. Ukichomeka hakuna kinachotokea, na mteja hakusemi vizuri. Kabla ya kutuma, muombe jina kamili la simu, tafuta sifa zake mtandaoni, ukiona haina uwezo wa DisplayPort mwambie haitafanya kazi. Usimwambie "jaribu".

Asiyekuwa na adapta atataka kurusha kwa Wi-Fi. Kuna kurusha kwa aina mbili na wateja wanazichanganya. Moja ni kurusha skrini nzima, kila kilicho kwenye simu kinaonekana kwenye TV, simu lazima ibaki imewaka, inafanya kazi mara mbili, inachemka, na ujumbe wa mchepuko ukiingia na wenyewe unaonekana kwenye TV. Nyingine ni kurusha video tu, simu inaiambia TV au boksi "kachukue pale", halafu TV inachota yenyewe kutoka kwenye intaneti, simu unaweza kuifunga. Hii ya pili ndiyo nzuri kwa mpira. Na programu nyingi za kulipia zimewekewa kinga, ukirusha skrini nzima unasikia sauti ya mtangazaji picha nyeusi. Hapo si waya wala TV iliyoharibika, usimuuzie waya mwingine.

Na akija mwenye kibanda umiza akitaka boksi la kuonyesha mpira kwa kiingilio, mwambie mapema kwamba malipo ya nyumbani hayampi ruhusa ya kuonyesha watu kwa hela, aulize mwenye chaneli utaratibu wa biashara. Tena kibandani kuchelewa nusu dakika ni hasara, kibanda cha jirani chenye dishi kikishangilia kwanza, wateja wako wanahamia huko kipindi cha pili.

Siku hizi mtu akiniandikia inboksi "bei gani hilo boksi?" simjibu bei kwanza. Namuuliza yuko wapi, TV yake ina tundu la HDMI, intaneti ataitoa wapi, bando la namna gani, na anataka kuangalia mpira gani. Mpira gani ni muhimu, maana lazima ajue programu halali yenye hiyo ligi na alipie mwenyewe, mi siuzi chaneli. Kisha namtumia video fupi ya boksi lile lile atakalopata, likiwa limewashwa, na ujumbe mmoja wenye hesabu ya GB 2.5. Karibu nusu wanaishia hapo. Wanaobaki wananunua bila kubishana bei, na tokea Julai sijarudishiwa hata moja. Naandika pia siku tatu za kujaribu, akishindwa arudishe na chombo chake chote, nauli ya basi juu yake. Hilo la nauli liandike mapema, mi niliwahi kulilipa mara tatu.

Deni la kikoba nililimaliza Septemba, miezi miwili nyuma ya ahadi, na nilitozwa faini kama mwanachama yeyote. Yule mzee hakulichukua tena boksi lake moja kwa moja. Alikaa nalo wiki, akalitazama kwenye mechi mbili na ile simu ya dirishani, ndipo akanitumia hela kwa simu bila kusema neno. Alichoandika kwenye maelezo ya malipo ni "macho yamefunguka".

Yale maboksi mawili mabovu bado ninayo chini ya meza. Mtu aliniomba nimuuzie kwa sh 40,000 ili akauze kwa watu wa mbali wasioweza kumrudishia. Nimeyatoa waya za HDMI na adapta za umeme, hizo nimeuza sh 12,000 kwa jumla, maboksi yenyewe yanabaki pale pale.